Jirani Anataka Nini: Miaka Yangu ya Ukalimani, Gitega na Muyinga

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa na uzito wa lori zima la maharage, na walioubeba uzito huo walikuwa wapakizi wa Gitega, si mimi. Naanza na kosa hilo kwa makusudi. Nyinyi mnaosomea ukalimani siku hizi, na vifaa vyenu vya masikioni na vyeti vyenye mihuri, mnatuona sisi wa zamani kama tulizaliwa tunajua. Hatukujua. Tulijifunza mbele za watu, na watu walicheka.

Mi ni Zuhura. Nimezaliwa Gitega, kwenye familia ya Waislamu wa mjini. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu na makoti, mama alikuwa anapika maandazi, na mi nilirithi cherehani ya baba nikawa nashona sare za shule barazani kwetu. Nyumbani tulisema Kirundi na Kiswahili bila kujua ni saa ngapi tumetoka huku tukaingia kule. Kifaransa nilikipata shuleni. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kulishwa na lugha tatu ambazo kila mtu mtaani kwetu alikuwa nazo.

Ilikuwa miaka ya vita. Nchi jirani, Tanzania ikiwa mbele, zilikuwa zimetufungia mipaka ili wakubwa wetu wakubali kukaa meza moja na wenzao waliokuwa wanapigana nao. Petroli, chumvi, hata uzi wa cherehani tulitafuta kama dawa. Yaliyokuwa yanapita ni malori ya msaada. Basi asubuhi moja likaja lori kutoka Tanzania, limejaa maharage. Magunia machache yalikuwa ya hospitali ya Gitega, yaliyobaki yote ya watu wa Ryansoro waliokuwa wamekimbia milima yao. Msimamizi wa mzigo alikuwa Bwana Shomari, mtu wa Tanga, mpole, mwenye kalamu sikioni. Wapakizi hawakujua Kiswahili chake, yeye hakujua Kirundi chao. Mlinzi wa stoo akaja mbio barazani kwetu akaniambia we unajua Kiswahili, acha hiyo sketi, twende.

Kazi ilienda vizuri kwa muda wa magunia ishirini. Hapo Bwana Shomari akanyoosha mkono juu akasema: "Tosha! Tosha, tosha!"

Sasa nisikilizeni. Kiswahili cha kwetu, cha sokoni, kimechanganyika na cha Wakongo wa Kivu. Kwao kutosha ni kutoa. Tosha viatu, tosha gari, tosha gunia. Madrasa nilikuwa nimesikia ile maana nyingine, lakini jua lilikuwa kali na watu kumi walikuwa wananikodolea macho. Nikawageukia wapakizi nikawaambia kwa Kirundi: anasema toeni, toeni yote. Bwana Shomari alivyozidi kupaza sauti kwamba tosha, ndivyo nilivyozidi kuwahimiza, na wao wakazidi kukimbia. Alipanda mwenyewe juu ya lori akalala kifudifudi juu ya gunia la mwisho. Wakalitoa, na yeye akiwa juu yake.

Tulipoelewana, hakuna aliyegomba. Bwana Shomari alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka kalamu ikamwanguka sikioni. Wapakizi wakarudisha lorini magunia yote ya Ryansoro, na mi nikakamata ncha ya kila gunia kuwasaidia, kwa aibu. Jioni mikono yangu haikuweza hata kuvuta uzi.

Katika watu waliosimama kutazama alikuwepo mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya manyoya. Aliitwa Papa Byamungu, mkimbizi wa kutoka Uvira, muuza vitenge pale sokoni Gitega. Zamani huko kwao alikuwa mfasiri wa mahubiri kwa mapadri wageni, miaka mingi, Jumapili baada ya Jumapili. Kesho yake alikuja barazani, akakaa bila kukaribishwa, akasema:

"Binti yangu, jana ulikosa neno moja. Lakini sauti yako ilitembeza watu kumi bila ugomvi. Neno nitakufundisha. Sauti ile, singeweza."

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Sikulipa kitu isipokuwa kumpindia vitenge vyake pindo.

Papa Byamungu hakufundisha kwa kitabu. Alifundisha kwa kunikataza. Usisimame katikati ya watu wawili, utawaziba. Simama hatua moja nyuma, kila mmoja amwone mwenzake. Mtu akisema "mi nimekasirika," na we sema "mi nimekasirika," usiseme "huyu amekasirika," maana we si mwandishi wa habari, we ni mdomo wake. Tarakimu ziandike kiganjani, hasa idadi ya ng'ombe na tarehe, kwa sababu hizo ndizo watu wanazogombea baadaye. Kula kabla ya kwenda, kwani wenzako wakila we utakuwa unasema. Hilo la mwisho nililichukulia kama mzaha mpaka nilipokaa saa sita nzima mezani Muyinga mbele ya sahani ya mbuzi wa kuchoma, nikiutafsiri utamu wake bila kuuonja.

Na lilikuwepo moja ambalo alilirudia kuliko yote. "Ukitaka kusema la kwako," alisema, "toka ulipo, sogea mbele, taja jina lako kwanza. Watu wajue huyu sasa ni Zuhura."

Sikulitii hilo mapema. Nitawaambia lilivyonipata.

Mipaka ilipoanza kulegea, wafanyabiashara wa Tanzania walikuja Gitega na samaki na sabuni. Mmoja alikuwa anauza dagaa wa Kigoma kwa Mama Espérance, mwanamke wa Giheta mwenye maneno makali, aliyekuwa na meza kubwa sokoni kwao. Mama Espérance alifungua gunia, akanusa, akaniambia kwa Kirundi nimwambie yule bwana kwamba dagaa wake wananuka kama soksi za askari aliyerudi kutoka doria. Nikatazama uso wa yule bwana. Alikuwa amesafiri siku tatu, amechoka, na alikuwa ameniletea hata zawadi ya kanga. Nikamwambia kwa upole kwamba Mama anasema dagaa ni wazuri, ila wamekauka kidogo.

Alifurahi. Wiki iliyofuata alirudi na dagaa wale wale, mara mbili yake, wabichi zaidi, ili wasiwe wamekauka. Mama Espérance alifungua gunia la kwanza akarudi nyuma hatua tatu.

Papa Byamungu alinisikiliza mpaka mwisho akaniambia kwamba sikumsaidia yule mgeni hata kidogo, nilimfanya mpumbavu. Kwamba huruma yangu ilikuwa imesafiri mpaka Kigoma ikarudi na gunia linalonuka. Akaniagiza niende kwa yule bwana nimweleze ukweli kwa jina langu. Nilienda. Yule bwana akasema heri angeambiwa soksi siku ile ile. Mama Espérance alinipa adhabu yake mwenyewe: alinifungia furushi la dagaa nipeleke nyumbani, nasi tukala dagaa hao mpaka mama alipokataa kuingia jikoni.

Bon. Sasa niwaambie kuhusu jirani.

Miaka ile, ukikaa mahali popote Gitega, kwa wachoma nyama, kwa kinyozi, msikitini baada ya swala, lilikuwepo swali moja: Tanzania inataka nini kwetu? Mazungumzo ya amani yalikuwa yanafanyika huko kwao, wakimbizi wetu walikuwa huko kwao, na waliokuwa wanapigana na jeshi wengi walisema wanapigana kutoka huko kwao. Mmoja alisema wanataka ardhi. Mwingine alisema wanataka kututawala kwa kupitia meza ya mazungumzo. Wa tatu alisema hawataki kitu, wanatupenda tu, na huyo ndiye aliyechekwa zaidi. Nilimpelekea Papa Byamungu swali hilo. Alisema kila anayevuka mpaka anakuja na kitu anachotaka kurudi nacho nyumbani, na kutaka si dhambi. Kazi ya mkalimani, alisema, ni kukijua kitu hicho kabla mkutano haujaanza, la sivyo utatafsiri maneno na kuacha maana nje ya mlango.

Jibu nililipata Muyinga, na nililipata kwa mtu mmoja tu, kwa hiyo sisemi ni jibu la nchi nzima.

Nilifikaje kule? Nilitafutwa na musitanteri, yaani mkuu wa komini, wa Butihinda, komini inayopakana na Tanzania. Alihitaji mkalimani kwa mikutano na viongozi wa upande wa pili. Safari ya Gitega hadi Muyinga siku zile tulienda kwa msafara asubuhi, magari mengi pamoja na askari mbele na nyuma. Siwafichi kwamba kuna watu niliowajua ambao hawakufika. Lakini ndani ya gari wanawake tulikuwa tunaimba, tunamenya machungwa, tunasutana, na tulipoona paa za mabati za Muyinga tulipiga vigelegele kama tumeleta bibi harusi.

Mwenzake musitanteri kutoka upande wa pili alikuwa afisa tarafa, Bwana Rwegasira, mtu mrefu wa makamo, mwenye suti ya kaki na kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kila neno zito. Mikutano ilikuwa inachelewa kuanza, na wakati wa kusubiri yeye na mi tulikaa kwenye benchi moja nje ya darasa la shule lililokuwa ukumbi wetu, karibu na mpaka wa Kobero. Siku moja nilimwuliza bila kuzunguka.

"Mheshimiwa, nisamehe. Kwetu kila mtu anauliza. Nyinyi mnataka nini?"

Hakukasirika. Alikohoa, akatazama mlima wa upande wake.

"Dada Zuhura, mlima ule ulikuwa msitu. Watu wenu wamekata kuni, nami siwalaumu, watu lazima wapike. Kisima cha kijiji changu kinakauka saa nne asubuhi. Nataka warudi kwao. Nataka pia malori yapite, maana barabara isiyo na lori haina chai wala soda wala mtu. Na nataka nilale bila kuulizwa kutoka juu ni nani mwenye bunduki amejificha kwangu."

Nikamwambia basi inaeleweka, mnataka warudi.

"Ngoja," akasema. "Shemeji yangu ana duka kando ya makazi yao. Wakiondoka, anafunga. Wakulima wetu wanapata vibarua kutoka kwao. Mke wangu mwenyewe amezoea kununua mboga kwa mama mmoja wa Butihinda, na hataki kusikia habari ya kurudi kwa mtu yeyote. Kwa hiyo ukiniuliza Tanzania inataka nini, mi hata nyumbani kwangu sijajua."

Nilicheka sana, kisha nikakaa nikafikiri. Kwa miaka tulikuwa tumemfanya jirani kuwa mtu mmoja mkubwa mwenye nia moja. Kumbe naye ana shemeji.

Mkutano ninaotaka kuwaeleza ulikuwa wa familia kumi na mbili. Zilikuwa familia za Butihinda zilizoishi upande wa pili miaka mingi, zikaomba kurudi kabla ya mvua za kwanza ili ziwahi kupanda maharage. Zikirudi salama, nyingi zingefuata. Bwana Rwegasira alikuwa na sharti moja tu: asikie kwa masikio yake kutoka kwa musitanteri kwamba hakuna atakayedhuriwa. Bila hilo asingeruhusu hata mtoto mmoja avuke, na mvua ingewakuta mikono mitupu kwa mwaka mwingine. Familia zilituma wajumbe wawili. Mzee Severini, mwembamba, mwenye fimbo na koti la mvua alilovaa hata jua likiwaka. Na Mama Karitasi, mjane mnene wa kicheko, ambaye siku ile hakuwa anacheka. Walikuwa wameishi Tanzania hata Kiswahili chao kikawa kile cha redioni.

Musitanteri wetu alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo kwa kuapa. Milima yake ilikuwa haina mikono ya kulima, kahawa ilikuwa inakuwa pori, na aliwataka watu wake kama mtu anavyotaka maji. Tatizo lake lilikuwa moja: alijivunia Kiswahili chake. Alikipata kwa wafanyabiashara wa Kikongo mjini Bujumbura akiwa kijana. Asubuhi ile aliniambia kwa Kirundi kwamba leo nipumzike, kwa jambo kubwa hivi mwanamume hasemi kwa mdomo wa kuazima. Nikaenda kukaa nyuma kabisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza mkutanoni kuwa na mikono mitupu, na kulikuwa na maandazi, nikachukua mawili.

Musitanteri akasimama. Alikuwa amefanya mazoezi, nilimwona midomo ikicheza tangu asubuhi. Akatabasamu, akafungua mikono yake miwili.

"Mheshimiwa afisa tarafa, usiogope. Watu yetu wakirudia, tutawakamata wote. Muzuri kabisa. Hatutaacha hata moja."

Ukumbi ukaganda. Mi nilikuwa na andazi mdomoni na sikuona kosa lolote, kwa sababu kwetu kukamata ni kupokea, ni kuchukua. Mtu akikupa kikombe anakuambia kamata. Nilishtuka nilipoona uso wa Bwana Rwegasira.

Mzee Severini aliinuka polepole, akiegemea fimbo. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa na hakika: "Sisi wote? Hata watoto?"

Musitanteri akatabasamu zaidi. Alidhani mzee amefurahi.

"Watoto ndiyo tutakamata mbele ya wote," akasema.

Nyinyi mlioko Tanzania mmesikia walichosikia wao. Kwetu, mbele ya wote ni kabla ya wengine. Alikuwa anasema watoto wataanza kupokelewa. Mama Karitasi aliokota kikapu chake. Bwana Rwegasira alifunga jalada, akakohoa, akasema kwa baridi kwamba anashukuru kwa uwazi wa mwenzake, na kwamba mkutano umekwisha.

Nilimeza andazi bila kutafuna. Likakwama hapa kifuani. Nilikuwa sijaombwa kusema, aliyekuwa anasema alikuwa mkubwa wangu, na alikuwa amenikalisha kwa mdomo wake mwenyewe. Ningeweza kwenda kumnong'oneza. Lakini kunong'ona kungeonekana kama njama, na mlango ulikuwa hatua nne kutoka kwa Mama Karitasi. Nikatoka nyuma nikapita kati ya madawati mpaka mbele.

"Sasa nasema mi, Zuhura," nikasema. "Si musitanteri. Naomba dakika moja."

Nikawaeleza neno. Nikachukua kikombe cha chai mezani nikampa Mama Karitasi kama tunavyopeana nyumbani kwetu, nikamwambia: "Mama, kamata chai." Mkono wake ukanyooka wenyewe. Akabaki ameshika kikombe, ananitazama.

Bwana Rwegasira hakuridhika, na alikuwa na haki. Alisema ananijua mi ni mtu mzuri, na mtu mzuri anaweza kulainisha jambo baya. Angejuaje kwamba simpambi mkubwa wangu?

Nikasema hana haja ya kuniamini. Wajumbe wale wawili, Kirundi ni lugha ya mama yao. Musitanteri aseme tena maneno yale yale, kwa Kirundi, awaambie wao, na mi ninyamaze.

Nikamgeukia musitanteri nikamweleza alichokuwa amesema. Nimeona watu wengi wakiona aibu katika kazi hii, ila sijaona mwingine aliyebadilika rangi hivyo. Alikaa. Akasimama. Akavua kofia. Halafu akaenda mpaka mbele ya Mzee Severini na Mama Karitasi, akasema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa na mazoezi ndani yake: "Tuzobakira bose." Tutawapokea wote. Akaendelea kwa Kirundi, akawatajia mlima wao, akawatajia kijito chao, akasema shamba la Mzee Severini limeoteshwa mtama na jirani ambaye ameahidi kuvuna na kutoka, na kwamba watoto ndio wa kwanza kupewa maziwa watakapofika. Sikutafsiri. Bwana Rwegasira hakuelewa hata neno, lakini alikuwa anawatazama wale wawili, wala si musitanteri.

Mama Karitasi alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hata chai ikamwagika, akakaa chini sakafuni na kikapu chake, akasema kwa Kiswahili cha redioni: "Jamani, nilikuwa nimeshahesabu nani atalea mbuzi wangu."

Hapo ndipo ukumbi wote ulipolegea. Mzee Severini akacheka bila sauti, kwa meno tu. Bwana Rwegasira akafungua tena jalada, akasema kwamba katika kazi yake ameshasikia vitisho vingi vinavyosemwa kwa maneno matamu, lakini kwa mara ya kwanza amesikia wema unaosemwa kwa maneno ya polisi. Karatasi ilisainiwa kabla ya saa sita. Iliongezewa ibara moja ndogo, kwa ombi la Bwana Rwegasira: soko la mpakani lifunguliwe tena, kila Alhamisi, pande zote mbili ziuze. Nilijua ibara ile imetoka wapi. Sikusema. Shemeji wa mtu ni siri ya kazi.

Tangu siku ile musitanteri hakusema neno la Kiswahili bila mi. Hata "habari ya asubuhi" alinitazama kwanza.

Papa Byamungu nilimpelekea habari hiyo Gitega, nikitegemea sifa. Alisikiliza, akauliza jambo moja tu: kwa nini nilikuwa nakula mkutanoni. Miaka michache baadaye alirudi Uvira na vitenge vyake, akafungua duka, na mara ya mwisho nilipopata salamu zake alikuwa bado anamkosoa padri.

Familia zile kumi na mbili zilivuka Jumatatu, siku ya mawingu. Zilikuja kwa miguu nyuma ya lori la mizigo, na magodoro, na milango ya nyumba waliyoing'oa wakaja nayo, na kuku ndani ya vikapu. Upande wetu watu wa Butihinda walikuwa wamejipanga barabarani na migomba miwili mizima iliyopandwa kando ya njia kama lango. Ngoma zilipigwa. Mabibi wawili waliokuwa hawajaonana tangu wakiwa wasichana walishikana, wakaanza kuulizana habari za watu kumi kwa wakati mmoja, bila kungoja jibu. Watoto waliozaliwa kule walitazama kila kitu kwa shaka, wakauliza kwa Kiswahili kama huku pia kuna mpira. Mi sikuwa na kazi. Nilikuwa nazunguka tu, napokea vikapu, nakumbatiwa na watu nisiowajua.

Bwana Rwegasira alikuwa amewasindikiza mpaka kwenye kizuizi. Hakuvuka. Aliniita, akaniomba nimtafsirie kwa wale ambao Kiswahili chao ni kidogo, hasa wazee. Nikasimama hatua moja nyuma yake.

"Tangu siku mlipofika kwetu," alisema, "nilikuwa naomba muondoke. Nilimwomba Mungu, na niliwaandikia wakubwa. Leo mnaondoka, nami naona nimeamka nikiwa na kisima chenye maji na kijiji kisicho na watu wa kusalimia. Nendeni salama."

Niliyasema yote kwa Kirundi, hata lile la kuomba waondoke. Sikulainisha. Wazee walicheka kwanza, halafu mmoja akapangusa macho kwa kona ya shuka.

Mzee Severini alisogea mbele na koti lake la mvua. Kiswahili alikijua vizuri, lakini siku ile alisema kwa Kirundi, kwa kuwa alikuwa amekanyaga kwao. Nikamgeukia Bwana Rwegasira, nikawa mdomo wa mzee.

"Usihuzunike," nikasema. "Mi nitakuja Alhamisi."

Alikuja kweli. Nilikuwepo, soko lilikuwa bado ni meza sita na turubai moja. Shamba lake alikuwa hajaanza kulilima na hakuwa na kitu cha kuuza duniani isipokuwa jogoo mmoja aliyemlea upande ule. Alivuka naye kurudi kule alikotoka siku tatu kabla, akapita meza zote sita bila kusimama, akaenda moja kwa moja kumuuzia afisa tarafa.